Wanga Hakuulizwa

Dobi aliporudi kutoka kumuuguza mama yake, aliyekuwa amepasuliwa jicho, hakupitia nyumbani. Begi likiwa bado begani, alikwenda moja kwa moja dukani kwake, kwa sababu nyuma ya duka, katika chumba kidogo kilichobanwa kati ya mashine ya kufulia na rafu ya nguo zilizokwisha nyooshwa, ndiko alikokaa Wanga.

Wanga alikuwa sungura jike, mweupe pe, na masikio yake kwa ndani yalikuwa ya waridi kama mdomo wa mtoto. Dobi alimpa jina la ule wanga anaotia kwenye kola za mashati mpaka zikasimama zenyewe. Jina hilo lilileta matata tangu siku ya kwanza. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani! Jua likizama unasimama uani unaita 'Wanga, Wanga, njooni!' Majirani watasema unawaita wenzio mkaruke na ungo."

"Siiti 'njooni'. Naita 'njoo'. Yuko mmoja tu," Dobi alijibu, na wateja wakacheka, na jina likabaki.

Siku hiyo ya kurudi alimkuta Wifi nyuma ya kaunta, amejaa tele kwenye kiti, kama mwenye duka. Halikuwa jambo la ajabu. Mume wa Dobi alikuwa fundi mpaka rangi, na siku ambazo alikuwa juu ya ngazi kwenye majumba ya watu alimwomba dada yake, akitoka ofisini, apitie dukani kuwapa wateja nguo zao na kumtilia Wanga maji. Kwa hilo Dobi alikuwa amejiandaa kushukuru. Alikuwa hata amemletea kitambaa cha kichwa.

"Hongera, bibi!" Wifi alimpokea kabla begi halijagusa sakafu.

"Bibi wa nani tena, wifi yangu?"

"Bibi wa wajukuu wenye masikio marefu! Nimekufanyia kazi wewe ulipokuwa huko. Yule wako si alikuwa anakaa tu, anakula na kulala? Mwenzangu ofisini ana dume, we! Jeusi, kifua hivi. Nikamwambia lilete. Nikamtumbukiza humo ndani na bibi harusi wako, basi, mambo yao chapuchapu, hata chai haijapoa."

Dobi alimtazama. Kwanza alidhani ni utani, maana Wifi alikuwa mtu wa utani mwingi. Halafu akaona uso wa mwenzake unavyong'aa kwa kungoja asante, akajua si utani.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Kwani jambo jema linaombewa ruhusa?"

"Ulimuuliza nani, wifi?"

"Nimuulize nani? Sungura?"

"Mimi. Ungeniuliza mimi. Simu ninayo."

Wifi akajipiga kofi moja pajani. "Wewe hukuwepo. Na asiyekuwepo na lake halipo. Tena usininunie, nimeshaahidi watu. Bosi wangu anataka wawili kwa ajili ya wanawe. Yule mwenye dume naye lazima apate wake, ndiyo heshima. Wewe utabakiwa na wengine, utafurahi mwenyewe. Nyumba inataka vitu vidogo vidogo vinavyokimbiakimbia."

Maneno hayo ya mwisho Dobi aliyapita kama mtu anayepita penye mbwa anayemjua, akaingia chumba cha nyuma.

Wanga hakumkimbilia. Alikuwa amejikunja pembeni mwa banda lake, na Dobi aliponyoosha mkono, alitoa mngurumo mdogo ambao hakuwahi kuutoa, akaurukia mkono kwa miguu ya mbele na kuusukuma. Dobi akarudi nyuma. Akachutama, akaanza kumsemesha polepole, akimwambia habari za safari, za jicho la mama, mpaka sungura akatulia na kukubali kuguswa. Vidole vya Dobi vilipopita shingoni, vikakuta manyoya yamenyonyoka, na chini yake kidonda kilichoanza kukauka. Meno ya dume.

Basi wewe na mwenzako mlikuwa mmemshikilia, alisema moyoni. Alikuwa hataki, nanyi mmesimama hapa mnacheka, chai haijapoa.

Alirudi mbele, akafungua begi, akakigusa kile kitambaa cha kichwa, akakiacha kulekule.

"Wifi, nenda nyumbani kapumzike," alisema. "Leo nitafunga mwenyewe."

Mumewe alirudi jua likielekea kuzama, nywele zina madoa meupe kama kawaida. Alitabasamu alipomwona mkewe, akaweka ndoo chini, kisha akaisoma sura yake na tabasamu likarudi lilikotoka.

"Dada amekwambia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Alikuja na lile dume, mke wangu. Nilikuwa natoka kazini, nikamkuta ameshamfungulia. Nikadhani mmeshapatana."

"Ulinipigia simu kila jioni," Dobi alisema. "Ulinieleza bomba la jikoni linavuja. Ulinieleza jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Jogoo wa jirani ulimkumbuka, hili ukalisahau?"

Alikuna shingo. "Niliogopa utakasirika."

"Basi ulijua hatujapatana."

Mumewe akainama, akaisogeza ndoo kando. Alikuwa mtu mwema, kila aliyemjua alisema hivyo, na Dobi naye alisema. Lakini wema wake ulikuwa kama pazia: mbele ya dada yake upepo ukivuma huku, huelekea huku, ukivuma kule, kule. Wazazi wao walifariki mapema, dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamvalisha. Deni la namna hiyo halina siku ya kwisha, na Wifi hakuwa mtu wa kusahau alichotoa.

Kulikuwa na jambo baina yao watatu ambalo halikuzungumzwa. Miaka michache nyuma Dobi alipata uvimbe kwenye kizazi. Alivuja damu mpaka kucha zikawa nyeupe. Daktari akasema kizazi kitoke, na kitoke upesi. Wifi akaitisha kikao cha ukoo sebuleni kwake. Dobi hakuitwa. Kikao kikaamua kwamba mwanamke ambaye hajazaa hatolewi kizazi hivihivi, kwamba zipo dawa, zipo sala, wapo waganga wa huku na wa kule, na ndugu yao asikubali kwanza. Naye ndugu yao hakukubali kwanza. Dobi akaendelea kupiga pasi amejifunga vitambaa, anashika meza, majuma yakienda, mpaka siku moja akaanguka kati ya mashine mbili, akaokotwa na mteja. Ndipo mumewe akakubali, tena kwa machozi. Kizazi kilitoka, na maisha yakaendelea. Hakuna aliyemwomba radhi, kwa kuwa, walivyoona wao, hakuna aliyemkosea. Walikuwa wanamtakia mema.

Asubuhi iliyofuata Dobi alimweka Wanga ndani ya kapu la nguo, akalitandika taulo, akafunika juu kwa shuka jepesi, akaenda kwa daktari wa mifugo.

Mapokezi alikaa kijana mwenye tai. "Mwenye mnyama?"

"Mimi."

"Shida yake?"

"Huenda ana mimba. Nataka apimwe, halafu nataka nijue habari za kumtoa kizazi."

Kijana akaacha kuandika. "Mzee ana habari?"

"Mzee gani?"

"Mume wako, mama. Mambo ya kizazi haya, huwa tunapenda mashauriano na baba mwenye nyumba."

"Mume wangu hayumo ndani ya kapu hili," Dobi alisema. "Aliyemo ni sungura. Andika."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na sauti ya kike ikaita kutoka huko, imechanganyika na kicheko: "Mlete huku huyo mama kabla hajakuchapa."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, sauti ya chini. Alimfunika Wanga macho kwa kiganja kimoja, na kwa kingine akalipapasa tumbo, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichopotea ndani ya godoro. Kisha akaosha mikono.

"Bado mapema. Sijaona kitu cha kuapia. Inaweza kuwa ipo, inaweza kuwa haipo. Na wewe nyumbani usimminye kutafuta, utamuumiza."

"Na kizazi?"

"Sitakuficha. Naweza kumfanyia sasa. Nikitoa kizazi, nimetoa na kilichomo, kama kimo. Au usubiri. Akizaa, anyonyeshe, wanawe waachishwe, ndipo nimtoe. Ila ukitaka kusubiri, usiniletee katikati mimba ikiwa kubwa, maana hapo damu ni nyingi na hatari ni nyingi. Kumtoa kwenyewe ni jambo jema kwake. Majike ya sungura yakizeeka na kizazi, mengi hupata saratani humohumo. Nimeona wengi." Akakausha mikono. "Kuchagua ni kwako."

Dobi alisimama ameshika ukingo wa meza. Kwako. Ni neno dogo. Alijitahidi akumbuke ni lini mtu yeyote mwenye koti jeupe, au asiye nalo, alimwambia neno hilo, akakosa.

"Wewe ungefanya lipi?"

"Mimi si mwenye sungura."

Njiani kurudi, Dobi alijua anachotaka: alitaka kusema ndiyo, leo hii, halafu ampigie Wifi simu amwambie kwamba hao wajukuu aliowaahidi, bosi wake akawatafute kwingine. Alikwisha kuuonja utamu wa maneno hayo. Na ni utamu huo uliomsimamisha. Nikimpasua leo, aliwaza, nitakuwa nimempasua ili nimkomoe Wifi. Na tofauti yangu na yeye itakuwa nini? Wote tutakuwa tumelitumia tumbo la huyu kwa mambo yetu.

Akaamua kungoja.

Mumewe, ambaye tangu jana alikuwa akitembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole, alipoambiwa kwamba sungura atahitaji sanduku la kuzalia alilishika jambo hilo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Alitafuta mbao, akazikata, akazilainisha kwa msasa hadi zikawa kama shavu. Akatengeneza mlango wa chini, wa kuruka bila kuumia tumbo. Akalileta dukani kwa mikono miwili.

"Limebaki kupakwa rangi tu."

"Daktari amekataza rangi. Sungura hutafuna."

"Hata tabaka moja? Rangi ya maji?"

"Hata tone."

Mpaka rangi alilitazama sanduku lile tupu, kazi yake ya kwanza maishani kuachwa uchi, akasikitika kwa dhati. Dobi karibu acheke. Sanduku alilipokea. Samahani iliyokuja ndani yake hakuipokea, nayo ikabaki pale sakafuni kati yao.

Siku zikapita. Dobi alimletea Wanga nyasi kavu nyingi na majani mabichi, akambadilishia maji, akabandika karatasi kwenye mlango wa nyuma: USIINGIE. Wifi aliisoma karatasi kila alipopita na kuuliza, "Hiyo ni mimi?" Dobi alijibu, "Ni yeyote anayejua kusoma."

Halafu asubuhi moja akamkuta Wanga anakimbia huku na huku, nyasi zimejaa mdomoni kama masharubu ya askari wa zamani, anazipeleka sandukuni. Anazitandaza kwa pua, anatoka, anarudi na nyingine. Mchana akaanza kujinyonyoa. Alivuta manyoya ya kifuani kwa meno, mafungu kwa mafungu, akayashindilia katikati ya nyasi mpaka pakawa na shimo dogo, laini kuliko kitu chochote Dobi alichowahi kukifua. Manyoya mengine yalipeperuka dukani kote. Mwanasheria wa jengo la jirani alikuja kuchukua koti lake jeusi, akaligeuza kwenye mwanga.

"Dobi, koti langu limeota mvi."

"Samahani, mheshimiwa. Mzazi yuko leba."

Akalipitisha brashi upya, na akajikuta anaimba.

Hapo ndipo alipojikamata. Alikuwa anaimba. Tena jana yake, akikunja mashuka, alikuwa ameshawapa majina: Kola, Kifungo, Pindo, na yule wa mwisho, atakayekuwa mdogo kuliko wote, Tone. Alijikemea. Lakini moyo ukishafungua dirisha haufungwi kwa kukemewa. Aliamka mapema kuja dukani, akainama mbele ya sanduku bila kugusa, akisikiliza kama kuna kinachosogea chini ya manyoya.

Hakikusogea kitu. Wanga alilikalia tundu lake siku mbili tatu kwa ukali, kisha, bila taarifa, akalipotezea hamu. Akalirukia, akalifukua, akazitawanya nyasi alizozihangaikia, akaketi katikati ya fujo hiyo akazila.

"Mimba ya uongo," daktari alisema, safari hii mikono yake ina hakika. "Kwa hawa hutokea. Dume akimpanda, hata kama hakikutunga kitu, mwili wake huamini. Maziwa huja, kiota hujengwa, kila kitu. Halafu mwili unagundua. Haikuwa kosa lako, wala lake."

Dobi alirudi, akaokota manyoya meupe kwenye sanduku, fungu moja, akakaa nayo sakafuni kati ya mashine. Hakulia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba machozi hayakupata nafasi ya kupita. Hakumwomba mtu yeyote tumaini hili. Lilikuwa limeletwa ndani ya boksi na mtu mwingine, likafunguliwa mlango, na sasa ndiye aliyeachiwa kulifagia.

Habari haikuchelewa kumfikia Wifi. Mchana wa siku iliyofuata alisimama mlangoni, na mkononi alikuwa na boksi la kadibodi lenye matundu. Ndani yake kitu kizito kilikwaruza.

Duka halikuwa tupu. Mwanasheria alikuwa amekaa anangoja suruali, na mume wa Dobi alikuwa nje juu ya ngazi, anapaka fremu ya mlango ambayo alikuwa ameahidi kuipaka tangu mwaka jana. Wifi alipita chini ya ngazi yake.

"Haya, wifi yangu, usihuzunike. Mara ya kwanza wengi hukosa. Nimemleta tena, na leo tutamwacha alale hapahapa, tusiwaharakishe."

"Mrudishe," Dobi alisema. Alikuwa anapiga pasi.

"Utamrudisha wewe ukiona kazi imekwisha. Watu wameshaniuliza, naona hata aibu." Akaliweka boksi juu ya kaunta, juu ya mashati ya watu, akapumua, akatazama kuta, mashine, rafu, kana kwamba anatafuta tatizo lilikojificha. Kisha akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyokuwa mbaya. "Lakini nyumba hii ina nini, jamani? Hata sungura hashiki."

Pasi ilitoa mvuke. Nje, brashi iliyokuwa ikiparuza fremu ikanyamaza.

Dobi aliinua pasi kutoka kwenye suruali ya mwanasheria, akaisimamisha kwa kisigino chake, maana hata ghadhabu haikumtoa katika kazi yake. Alizima swichi. Alitoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele ya wifi yake, na alipoongea sauti yake haikuwa kubwa, ila kila neno lilikuwa limenyooshwa.

"Rudia."

"Wifi, mimi nimesema tu..."

"Nimesikia ulichosema. Nataka ujisikie na wewe. Nilipovuja damu mliniwekea kikao. Mlikaa sebuleni kwako, mkala, mkanywa, mkaligawa tumbo langu kama shamba la urithi, na mimi niko hapa, kwenye meza hii, nimejifunga vitambaa ili nisichafue nguo za watu. Hakuna aliyekuja kuniuliza, wewe mwanamke unaumwa wapi. Nikanyamaza. Nikasema huyu ni mkubwa wangu, amemlea mume wangu, nimheshimu. Ukaja kila siku kukitonesha kidonda, vitu vidogo vidogo vinavyokimbiakimbia, nikanyamaza. Nimekwenda kumuuguza mzazi wangu, ukamletea mnyama wangu dume mkamshikilia akang'atwa shingo mpaka akatoka damu, ukacheka, ukaniita bibi. Na leo unakuja kunihurumia? Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo? Chukua dume lako. Sungura wangu hatapandwa tena, wala hakuna mtu atakayempangia tena. Nimeamua mimi."

"Unanisemesha hivyo mbele ya watu?"

"Wewe ulinisema mbele ya watu."

Mwanasheria aliinuka, akasema atarudi kesho, kisha hakuondoka; alisimama tu karibu na mlango, akisoma bei za kufua mazulia.

Wifi alimgeukia mdogo wake, kama alivyozoea. Naye alikuwa ameshashuka. Alisimama kizingitini na brashi yake mkononi, inadondosha matone ya kijani juu ya kiatu chake, na hakuona.

"Umemsikia mkeo?"

"Nimemsikia," alisema. "Nimekusikia na wewe." Akaweka brashi chini. Akapita, akalichukua boksi kutoka kwenye mashati, akalikumbatia na dume likikwaruza ndani. "Twende, dada. Nakusindikiza."

"Unanifukuza? Mimi? Kwa ajili ya sungura?"

"Si kwa ajili ya sungura, dada. Twende."

Wakatoka. Dobi alirudi nyuma ya kaunta, akawasha pasi, na suruali ikatoka na mikunjo miwili mahali pa mmoja. Mwanasheria alisema kwa upole kwamba suruali iliyokunjamana haijawahi kumfanya ashinde wala ashindwe kesi.

Mumewe aliporudi, alisimama mbele yake kama mtoto aliyefaulu mtihani. Dobi alimtazama.

"Ungesema hivyo siku ile ya kikao."

"Najua."

"Ningeweza kufa."

"Najua, mke wangu." Akaketi juu ya furushi la mashuka machafu, akajifuta uso kwa mkono wenye rangi. "Nilikuwa namwogopa. Nilimwogopa yeye kuliko kukupoteza. Nimewaza hilo nikimrudisha, njia nzima, na lile dume linanipiga teke kifuani."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Dobi alitamani limtoshe. Halikumtosha, lakini ulikuwa mwanzo, na alimwacha akae palepale juu ya mashuka.

Wanga alitolewa kizazi baada ya kiota chake kusahaulika na mwili wake kutulia. Daktari alisema asifungishwe njaa kama mbwa au paka. Sungura tumbo lake likiacha kusaga chakula, na yeye amekwisha. Basi walimpeleka pamoja na majani yake anayoyapenda. Walikaa wawili kwenye benchi la nje. Daktari alipofungua mlango alionyesha dole gumba, akasema lipo jambo moja: mlemle ndani alikuta vivimbe viwili vidogo sana, kama punje za mchele. Havikuwa vya kutisha, lakini havikuwa vya kuachwa. Dobi akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kazi ilikuja baadaye. Wanga hakula jioni hiyo, na kulipopambazuka hakula. Alikaa amejiviringa, macho nusu, anasaga meno kwa maumivu. Walimpa dawa ya daktari, wakalainisha chakula kwa maji ya uvuguvugu, wakamsukumia kidogokidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mume alimshika, Dobi alimlisha. Mume alikuwa na mkono mwepesi kuliko Dobi alivyodhani. Alimpangusa Wanga kidevu kila mara kwa ncha ya shati lake, naye Dobi hakusema kitu juu ya shati.

Mchana duka lilikuwa limejaa watu. Dobi alikuwa anahesabu vifungo vya gauni la mtu aliposikia mumewe anapiga ukelele chumba cha nyuma.

"Amekunya! Mke wangu! Amekunya!"

Akatoka mbio, amenyoosha kiganja, na katikati yake kuna vidonge vitano sita vya mviringo, vya kahawia, akiwaonyesha wateja kama lulu. Bibi mwenye lile gauni alijivuta nyuma. Dobi aliviangalia, akamwangalia mumewe, akacheka mpaka akashika kaunta. Nyuma yao, ndani ya banda, kulisikika sauti ndogo ya jani linatafunwa.

Wiki ile ile ujumbe uliingia kwenye simu ya Dobi. Ulitoka kwa Wifi, wa kwanza tangu siku ya boksi. *Nasikia mmeshamhasi yule mnyama. Haya. Kila mtu atajibu kwa aliyemuumba.*

Vidole vya Dobi vilikuwa na majibu saba, yote mazuri, yote makali. Kisha akatoka nje, ambako mumewe alikuwa akimalizia ile fremu, akampa simu.

"Jibu wewe. Ni dada yako."

Mumewe aliusoma ujumbe, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi kwenye ngazi ya chini. Akaandika maneno mawili, akafuta. Akaandika tena. Akainua macho.

"Niandike nini?"

Dobi alikwisha ingia ndani. Alikuwa na mashati ya hoteli nzima mbele yake, na hakumsaidia hata neno moja.